Majivu Juu ya Bamia za Saidi

Ogembo, Jumapili. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu mchana kutwa, na sasa baridi imeingia hadi kwenye shuka.

Nimekaa jikoni, maana ndiko kwenye joto kidogo. Ninaandika kwenye karatasi za kufungia sukari, zile nene za rangi ya kaki, zilizobaki dukani tulipofunga. Naandika kwa sababu leo nimezungumza na mtu. Ndiyo, hilo tu. Nilisema, akajibu, nikamjibu, na mpaka saa hizi moyo haujatulia.

Tangu Saidi afariki, sauti niliyoizoea ni yangu mwenyewe nikigombana na konokono.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, ingawa sijui namweleza nani. Niko edani. Mume wangu alifariki kabla ya masika kuanza, na kwa dini yetu mjane hukaa nyumbani mwake miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, hakai na wanaume wa kando. Duka limefungwa, nguo zangu ni nyeupe tupu. Kule Mumias nilikozaliwa, mwanamke mwenye eda hapati hata nafasi ya kulia akashiba. Mashangazi wanaingia, wifi wanatoka, huyu kaleta uji, yule kaleta umbea. Hapa Ogembo Waislamu tunahesabika kwa vidole, na wanawake wenzangu wako Kisii mjini. Walikuja siku za msiba, wakapika, wakasoma, wakanikumbatia, kisha wakapanda lori wakaenda zao. Siwalaumu, kila mtu ana nyumba yake.

Anayenifikia ni bibi Nyaboke, anayenichotea maji mto Gucha. Bibi wa watu hana baya, lakini masikio yameshamfunga. Nikimwambia, "Ahsante bibi, Mungu akulipe," ananijibu kwamba ndizi mwaka huu zimekuwa ndogo. Nami naitikia kwamba kweli zimekuwa ndogo. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima.

Basi nikabaki na uwanja wa nyuma. Uwanja huo una ua wa michongoma unaonifika kifuani, na ng'ambo ya ua ni shamba la Mama Moraa, mama mtu mzima, Msabato, mwenye wajukuu. Miaka yote niliyokaa hapa tumejuana kwa chumvi na mafuta ya taa. Anakuja dukani, ananunua, ananiamkia, anaondoka. Wenyeji wa hapa wana desturi ya kuombana moto. Asubuhi utaona moshi wa nyumba ya kwanza, na baada ya muda wanawake wanapita na vigae vyenye makaa, kutoka mji huu hadi ule, wakisimama njiani kuulizana habari. Kwangu hakuna aliyewahi kuja kuomba kaa, wala mimi sikwenda kwa mtu. Nitaombaje moto na mimi ndiye ninayewauzia viberiti? Isitoshe napikia stovu ya mafuta ya taa, ile ya kupampu. Nilikuwa najivunia stovu hiyo.

Bustani ilikuwa mambo ya Saidi. Mimi nilikuwa mtu wa dukani na cherehani, udongo siujui. Saidi alikuwa mtu wa Tanga, aliyepanda milima hii akiwa kijana, akifuatana na mizigo ya tajiri wake. Alikula kila alichopewa huku, ugali wa wimbi, mboga chungu, asilalamike. Kilichomliza ni bamia. Kila mwaka, mvua ikikaribia, alipanda bamia katika baridi hii, na kila mwaka mimi nilimcheka. "Saidi, bamia ni mmea wa joto, hapa patauua." Yeye alinijibu, "Mbona mimi sijafa?" Alishinda nyuma kule jioni nzima, na mimi ndani nikipiga hesabu za duka. Alikuwa pia na tabia ya kudokoa vitu vyangu vya kushonea, sindano leo, uzi kesho, ukimuuliza anacheka tu. Bamia zenyewe hata moja haikuwahi kuingia chunguni mwangu. Nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba mume wangu anapanda maua anayaita mboga.

Alipofariki nilikuta mkebe wa majani ya chai juu ya rafu ya jikoni, ndani mna mbegu zake. Nikadhani ni zile alizotoka nazo Tanga. Nilizishika, nikalia, kisha nikasema kukaa bure kutanitia wazimu, wacha nizipande.

Sasa hapa nitakiri jambo la aibu.

Kaka yangu Juma ameniletea maneno kupitia kwa Makokha, dereva wa lori anayepita hapa kila Jumatatu. Makokha hukaa nje ya mlango wa duka, mimi ndani, tunasemezana kupitia mbao. Kaka anasema eda ikiisha atakuja na lori, nifunge vyombo, nirudi nyumbani. Mwanamke peke yake, hana mtoto, hana jamaa, katikati ya watu wasiomjua, atafanya nini? Anataka jibu ili apange safari ya lori. Mara ya kwanza nilimwambia Makokha nafikiria. Mara ya pili nikamwambia kichwa kinaniuma. Jumatatu iliyopita Makokha aliniambia, "Dada, kesho kutwa kaka yako atanipiga mimi. Wiki ijayo nipe neno moja." Jumatatu yenyewe ni kesho.

Nami, badala ya kukaa chini nifikiri kama mtu mzima, niliweka shuruti moyoni. Bamia za Saidi zikizaa, nabaki. Zisipozaa, nakwenda zangu Mumias. Astaghfirullah! Nimeigeuza bamia kuwa ramli. Lakini ukiwa peke yako hivi, unatafuta chochote kikuamulie.

Tangu hapo nimekuwa mganga wa bamia. Mbegu nyingine niliziloweka, nyingine nilizifunga kwenye kitambaa nikazibana kiunoni ili zipate joto la mwili, usiku na mchana, nikawa nalala na bamia. Hizo za kiunoni ndizo zilizoota upesi. Miche mingine niliitia kando ya ukuta wa jiko, palipo na joto, na mingine, kwa kukosa nafasi, nikaitia kule kwenye ua, upepo unakopita. Usiku wa baridi niliifunika kwa vyungu vilivyovunjika. Nilijiona hodari sana.

Kisha wakaja wadudu mafuta. Vidudu vyeusi, vidogo, vimejazana chini ya jani mpaka jani linajikunja na kunata. Na sisimizi wanapanda na kushuka wakivilinda. Nikajaribu maji ya sabuni, vikanawa vikarudi. Nikaloweka ugoro uliobaki dukani, nikanyunyizia, nikapiga chafya mpaka machozi, wadudu wakaendelea na chakula chao. Mwishowe nikakumbuka pareto. Bwana Shamba alipita mwaka jana akiwaambia watu wapande pareto, kwamba Wazungu wanaifanya dawa ya wadudu, na Saidi alikuwa na maua yake makavu ndani ya gunia. Nikaitwanga, nikaichemsha, nikaimwagia miche ya kwenye ua tu, kwa sababu haikutosha kote.

Loo! Miche ya kwenye ua ikapona. Majani yakanyooka. Ile ya ukutani ikazidi kukunjana. Nikajisifu peke yangu jikoni: pareto imefanya kazi. Siku ile nilitamani mtu wa kumwonyesha, nikamwonyesha bibi Nyaboke. Akatazama, akasema ndizi zinataka samadi.

Na majivu? Ndiyo, nafika kwenye majivu, ndiyo yaliyoniketisha hapa.

Miche ilipoanza tu kuchomoza, asubuhi moja nilitoka nikakuta majivu yamemwagwa upande wangu wa ua. Yamekaa juu ya majani, juu ya udongo, kila mahali. Nikasema labda ni upepo. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Alfajiri, nikimaliza kusali, nasikia kule nyuma, fu, fu, kisha kimya, na nikitoka ni majivu mabichi. Jamani! Nilikaa chini kwenye kizingiti nikalia kwa hasira. Kwetu ukitaka kumwonyesha mtu kwamba humtaki, unammwagia taka zako mlangoni. Mume wangu amekufa, nimefungiwa ndani, wala hakuna anayeniambia pole, halafu uwanja wangu umekuwa jaa la jirani!

Nilijua ni Mama Moraa. Ng'ambo ile hakuna mwingine. Jambo moja lilinithibitishia: Jumamosi majivu hayaji. Wao Jumamosi ni Sabato, hawafanyi kazi. Nikasema moyoni, tazama, hata ubaya wao una siku ya kupumzika.

Sikumsemesha. Ningemsemeshaje? Naye nikimwona shambani kwake, akiniona tu anageuka, anainamisha kichwa, anakwenda upande wa pili. Mtu ambaye zamani aliniamkia dukani kwa meno yote nje! Hilo lilinichoma kuliko majivu. Nikaona basi hivi ndivyo walivyokuwa wakinichukia siku zote, walikuwa wananistahi kwa ajili ya Saidi na chumvi ya mkopo.

Nikaanza kulipiza. Kila asubuhi nilikumba majivu pale chini kwa kifagio na kizoleo, nikayarusha juu ya ua yarudi kwake. Yalianguka juu ya mboga zake, zile chungu wanazoziita chinsaga, na sisi huziita mgagani. Nilikuwa nayarusha kwa nguvu, nasema, "Haya, chukua urithi wako!" Halafu nachota maji, nakosha majani ya bamia za uani, mojamoja, majivu yatoke. Siku nyingine nilichoka au mvua ilinikatisha, zikabaki hivyo hivyo na uchafu wake.

Msomaji, kama uko, umekwisha kuona nilichokuwa sikioni. Mimi sikukiona.

Jana jioni, Sabato yao ilipokuwa inakwisha, niliwasikia wakiimba kwa Mama Moraa. Wajukuu wake wana sauti nzuri. Nikakaa karibu na ua kuwasikiliza, nimejifunika shuka, na nikaona haya mwenyewe kwa kujiiba hivyo. Nyumba nzima imejaa watu pale, na mimi huku nimechuchumaa gizani nasikiliza nyimbo za dini isiyo yangu ili tu nisikie watu. Nikasema yatosha. Kesho namvizia huyu mama, nimwambie yaliyomo kifuani, kisha Jumatatu namwambia Makokha lori lije. Bamia sijui ingezaa lini.

Leo alfajiri nikasali, nikavaa, nikajibanza nyuma ya mgomba ulio kando ya ua. Ukungu ulikuwa mzito, siuoni hata mlango wangu. Nikasikia nyayo. Akaja Mama Moraa, kajifunga shuka mabegani, kashika ungo kwapani na kigae kikubwa mkononi. Nikavuta pumzi niruke nimshike na maneno yangu.

Lakini hakumwaga.

Alichuchumaa upande wake, nikimwona katika matundu ya michongoma, akatia majivu kwenye ungo, akaanza kuyachekecha taratibu. Vipande vya mkaa alivichagua kwa vidole akavitupa kando. Akasugua majivu kwenye kiganja kuona kama yamelainika. Kisha akanyanyuka, akapitisha mkono juu ya ua, na kuyanyunyiza kwenye bamia, kidogo kidogo, chini ya majani kwanza, akiyainua kwa ncha za vidole. Mtu anayetupa taka hachekechi.

Nikakohoa. Akashtuka, akaangusha ungo, akageuka akanipa mgongo na kujifunika uso kwa shuka.

"Bwakire, mama," akaniamkia kwa lugha yao bila kunitazama. "Usikasirike. Mimi sijakuona. Naenda."

"Unakwenda wapi? Kwa nini unanikimbia?"

"Si dini yako imekataza? Uko ndani, nguo nyeupe, hutoki soko, hutoki mto. Siku ya kilio wazee wenu walisema uachwe ukae. Nikasema nikiangalia yeye, nitaharibu kilio yake."

Yarabi. Nilishika michongoma, ikanichoma, sikuhisi. Nikamwambia, "Mama Moraa, ni wanaume ndio siwezi kukaa nao, na mimi ndiye nisiyetoka. Wanawake wanaruhusiwa. Ungekuja hata kila siku. Nilikuwa nawangoja mje."

Akageuka pole pole. Shuka likashuka usoni. Macho yake yakajaa maji, akasema, "Na sisi tulikuwa tunasikia wewe unaongea peke yako huko nyuma. Moraa aliniuliza, Mama, yule mama anaongea na nani? Nikamwambia anaomba Mungu."

"Nilikuwa natukana konokono," nikamwambia.

Alicheka! Akacheka akashika tumbo, nami nikacheka, na nilipocheka nikalia, maana kicheko changu mwenyewe nilikuwa nimekisahau kilivyo.

Nikamuuliza majivu ni ya nini. Akanitazama kana kwamba ndiyo sasa anagundua sijui kitu. "Ya wadudu. Ukiwekea chini ya majani wanakufa, wanaanguka. Nikasema watu wamekatazwa kwako, lakini wadudu hawajui dini, watakula tu. Nikawa nakuja mapema ili tusionane."

Basi hayo ndiyo yaliyoponya miche ya uani, mkono wake haufiki ukutani. Pareto yangu ilikuwa inajipatia sifa za bure, nami pamoja nayo. Na zile siku nilizochoka kuyakosha majani, ndizo zilizoiokoa bamia. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza kwamba nilikuwa nayakosha. Nikauliza tu, kwa sauti ndogo, "Na yale niliyokuwa nayarudisha?"

"Mbuya mono," akasema, akaweka mkono kifuani, ni shukrani yao hiyo. "Nilisema, ona huyu, yuko kwa kilio, na bado anakumbuka chinsaga yangu. Mimi naweka kwa mimea ya mzee, yeye anawekea mboga yangu. Mwaka huu chinsaga yangu imekuwa mzuri kushinda ya watu wote."

Sikumwambia. Labda siku moja nitamwambia, tukishazoeana, tucheke. Leo sikuweza. Ule ubaya wangu wote wa kila asubuhi, na kizoleo changu, na "chukua urithi wako," yeye aliupokea kuwa wema na akanishukuru. Nilitamani ardhi inimeze pale pale nilipokuwa nimesimama.

Kisha akasema, "Mzee alikuwa anakuja kuomba hapa."

"Mzee nani?"

"Saidi. Kila mwaka. Anakuja na kigae, anasema, Mama Moraa, nipe majivu, kwa nyumba yangu hakuna majivu, mke wangu ana stovu. Tunaongea kidogo, ananiambia habari ya bahari, mimi namwambia habari ya wajukuu. Sasa hayuko, nani ataomba? Nikasema wacha nipeleke bila kuombwa."

Niseme kweli, kwanza niliona wivu. Si wivu wa mume na mwanamke, mama yule ni wa umri wa mama yangu. Ni wivu kwamba jioni zote zile mume wangu alikuwa na mtu wa kuzungumza naye kwenye ua huu, na mimi nilikuwa ndani, hatua chache tu, nikihesabu viberiti. Alisema, "Njoo uone, Mwanahawa," mara ngapi? Nami nikajibu, "Ngoja nimalize." Sasa nimemaliza.

"Alijisumbua bure," nikasema. "Hazikuwahi kuzaa."

Mama Moraa akanikazia macho. "Nani amesema? Zilizaa. Mbili, tatu, kila mwaka. Alikuwa anafunga uzi nyekundu, ili mtu asichume. Zinakaa mpaka zinakauka, anapasua, anaweka mbegu kwa mkebe."

Uzi mwekundu! Uzi wangu wa cherehani, aliokuwa akinidokolea!

"Hakula?"

"Hakula. Mimi nilimwambia, mzee, onja hata moja, wewe unalilia hii kitu. Akasema nikila, mwaka kesho nitapanda nini? Alisema mwaka ile itazaa mingi, ndio atapelekea wewe upike, mkule wawili."

Mimi mwenye duka, mwenye hesabu, sikuwahi kujiuliza mbegu zile zinatoka wapi kila mwaka. Mbegu za Tanga zingeoza zamani. Zile nilizozilalia kiunoni ni za mikono yake, alijinyima mwaka hadi mwaka ili siku moja anijazie sufuria. Na mimi nilikuwa nikimsema kwa wateja, nao wanacheka, naye pengine yuko nyuma pale anasikia. Nililia mbele ya Mama Moraa bila kujificha. Aliniacha nilie. Akapitisha mkono juu ya ua, wenye majivu hivyo hivyo, akanishika bega, na kwenye nguo yangu nyeupe kumebaki alama ya vidole. Sijaifua.

Nilipotulia alinivuta mkono, akanielekeza kwenye mche wa pembeni kabisa, penye upepo. Akainua jani. Chini yake kuna bamia. Moja, changa, haijafika urefu wa kidole changu cha mwisho, ina manyoya na majivu.

"Ona," akasema. "Mokasaidi, ona."

Ndivyo alivyoniita, kwa lugha yao, mke wa Saidi. Tangu msiba nimekuwa naitwa mjane.

Kumbe imezaa, na mimi nilikuwa nimeshaamua kuondoka. Nilidhani ningeruka kwa furaha, lakini nilichokuwa nafikiri wakati ule si shuruti yangu. Nilikuwa nafikiri kwamba jirani yangu amesimama katika baridi hii kila alfajiri kwa ajili ya mmea wa mtu aliyekufa na mwanamke asiyemsemesha. Hata kama isingezaa, hilo lisingebadilika.

Alipokwenda aliniachia fungu la chinsaga juu ya ua. Nimeipika leo. Ni chungu bado, siwezi kudanganya. Alisema nitie maziwa, na nisiwe na haraka. Nimekula, na kesho nitamwuliza nilikosea wapi.

Kabla ya magharibi nilitoa kisanduku cha kushonea. Uzi mwekundu umebaki kidogo. Nikakata kipande, nikakwenda kuifunga ile bamia kwenye kikonyo chake, bila kuikaza, isije ikaumia. Mwenye eda hajipambi, lakini hili si pambo langu. Sitaichuma. Nitaiacha ikomae, ikauke, ipasuke. Bamia haikauki kwa siku mbili, na mbegu zake hazipandwi mpaka masika mengine. Mumias hawakosi bamia, hawana shida na mbegu zangu.

Kwa hiyo Makokha akibisha kesho nitampa neno lake. Amwambie kaka Juma nimemshukuru, aje kunitembelea eda ikiisha, alale hata wiki, lakini vyombo sifungi, na duka nitalifungua mwenyewe. Akiniuliza nitaishi na nani huku, nimjibuje? Ataona mwenyewe akija. Najua atakasirika. Nami nitaogopa, najijua, kuna usiku nitajuta. Nyumba hii bado ina kitanda kikubwa na mtu mmoja.

Stovu nimeimwaga mafuta. Nimeiweka juu ya kabati, na kiberiti pembeni yake. Hapa jikoni nimepanga mafiga matatu niliyoyaokota uwanjani, na kuni bibi Nyaboke ataleta, nimemwonyesha kwa mikono na mara hii amenielewa. Alfajiri, nikimaliza kusali, nitakwenda pale kwenye ua na kigae cha Saidi, nimwite Mama Moraa, nimwombe kaa la moto.